Hojaji simuni, watoto ukumbini: yaliyotukuta Kisauni

Wenzangu wanaoendesha vikundi vya watoto baada ya masomo, huko Likoni na Changamwe hapa Mombasa, wamekuwa wakinipigia simu tangu wasikie kwamba sisi wa Kisauni tumepima maendeleo ya watoto kwa hojaji za mtandaoni. Wote huanza na swali moja: mlitumia programu gani? Huwa nawajibu, lakini hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Programu zipo, na kadhaa ni za bure. Kilichotutoa jasho ni kujua nani hasa aliyejibu, kama ndiye yule aliyejibu mara ya kwanza, na yule ambaye hakujibu kaenda wapi. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, maana kwenye simu mazungumzo hukatika pale pale yanapoanza kunoga.

Kikundi chetu ni kidogo. Watoto wa gredi ya nne hadi ya nane huja ukumbini wakitoka shule, husoma hadithi, hufanya kazi za nyumbani, na Alhamisi huigiza. Walimu ni vijana wa kujitolea, wengi wamemaliza kidato cha nne na wanasubiri nafasi za chuo. Kwa muda mrefu tulijua kazi inakwenda kwa kuangalia tu: huyu alikuwa haongei, sasa anagombania kuwa mfalme kwenye igizo. Kisha tukapata mfadhili, na mfadhili akataka ushahidi. Sina ugomvi na hilo, mwenye pesa ana haki ya kuuliza. Ila ushahidi wenyewe alitaka utokane na fomu aliyokwisha kuitumia nchi nyingine: maswali zaidi ya arobaini, kwa Kiingereza, mtoto apige tiki kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Tujaze mwanzo wa mwaka, tujaze mwisho, tutoe hesabu ya kwanza katika ya pili, tumpelekee jawabu. Bajeti ilikuwa na kila kitu isipokuwa bando.

Raundi ya kwanza ilipita kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mantiki yake ilieleweka: mtoto haruhusiwi kubeba simu shuleni, nyumbani simu ipo, basi linki iende nyumbani. Majibu yakaanza kuingia usiku, saa tatu, saa nne. Tulipoyafungua tukakuta mtoto wa gredi ya nne ameandika kwenye nafasi ya maoni: "Mwanangu ameimarika sana kinidhamu." Zikaja fomu tatu zilizofanana tiki kwa tiki, zimepishana dakika chache, tukahisi ni za ndugu watatu wa nyumba moja. Na wapo ambao hawakuonekana kabisa kwa sababu simu ya mama ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haifungui linki yoyote. Hao ndio tuliowaanzishia kikundi. Kwenye jedwali la matokeo walikuwa kama hawajazaliwa.

Siwalaumu wazazi. Mtu ameletewa fomu ya Kiingereza, mtoto yuko chuoni anasoma Qur'ani au amelala, na mratibu anakumbusha kundini kila baada ya magharibi. Atafanya nini? Atajaza amalize.

Tukahamisha kazi yote ukumbini. Tuliazima tableti, tukaongeza simu za walimu, tukaiweka fomu kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya hojaji. Sababu ya kuichagua ni moja kubwa: fomu unaipakua mapema penye mtandao, mtoto anajaza bila intaneti, majibu yanabaki ndani ya simu hadi utakapopata mtandao wa kuyatuma. Google Forms ni rahisi zaidi kutengeneza, nami bado naitumia kwa walimu, lakini inataka mtandao wakati wa kujaza, na mtandao wa ukumbi wetu una siku zake. Kobo pia inaweza kurekodi saa ya kuanza na saa ya kumaliza bila mtoto kuona. Weka kipengele hicho tangu mwanzo. Ndicho kilichotuonyesha waliomaliza fomu nzima kwa muda ambao mtu hawezi hata kuyasoma maswali, na waliopiga tiki safu moja kutoka juu hadi chini. Majibu ya namna hiyo tuliyatenga, na kwenye ripoti tukasema tumeyatenga na kwa nini.

Gharama nazisema wazi kwa sababu ndizo zinazofichwa kwenye mapendekezo ya miradi. Bando ndiyo ndogo. Kuna kuchapisha fomu za idhini, nauli za walimu kwenda nyumba kwa nyumba kwa wazazi wasiokuja mkutanoni, chaja na betri za akiba, chai na mahamri siku ya kujaza, maana mtoto aliyetoka shule na njaa atapiga tiki popote. Kubwa kuliko zote ni vipindi. Wiki ya hojaji hakuna kusoma hadithi. Watoto wenyewe walilalamika, na walikuwa na haki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa usome hata kama mengine utayaruka. Mfadhili, kwa nia njema, alitaka majibu yasiwe na majina. Basi raundi ya kwanza haikuwa na jina wala namba. Ilipofika raundi ya pili tulikuwa na rundo la fomu za Februari na rundo la fomu za Oktoba, na hapakuwa na njia ya kuziunganisha. Wastani wa rundo la pili ulikuwa juu kidogo. Walimu wakashangilia. Nikafungua rejista ya mahudhurio, nikaona kwamba watoto waliokuwa wakihangaika zaidi na kusoma wengi wao walikuwa wameacha kuja kufikia Julai. Ukiwaondoa walio nyuma, wastani unapanda wenyewe, hata kama aliyebaki hajajifunza herufi moja. Tulikuwa tumelinganisha makundi mawili ya watu tofauti tukiyaita mabadiliko ya watoto.

Dawa yake ni namba ya kudumu. Siku mtoto anajiandikisha anapewa namba, inaandikwa kwenye rejista na kwenye kadi yake, na ndiyo inayoingia kwenye hojaji, kwenye jaribio la kusoma na kwenye mahudhurio. Daftari linaloonyesha namba ni ya nani linakaa kabatini kwa kufuli, haliingii kwenye simu ya mtu. Usitegemee majina. Ukumbini kwetu ukiita Fatuma wanageuka kadhaa, na Mohamed mmoja ana tahajia tatu kwenye karatasi tatu. Usimwache mtoto aiandike namba kwa kukumbuka. Mwalimu aiingize akiwa na kadi mkononi, kisha ampe tableti. Na ukilinganisha, linganisha wale tu wenye fomu zote mbili, halafu useme pembeni ni wangapi waliokosa ya pili na walianzaje.

Idhini ya mzazi si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inakataza kushughulikia taarifa binafsi za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na inataka ufanye hivyo kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Ofisi ya Kamishna wa Data haitanii: mwaka 2023 ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kikundi kama chetu kikipigwa hata sehemu ndogo ya hiyo, ukumbi unafungwa. Fomu yetu ya idhini ni ukurasa mmoja wa Kiswahili: tunauliza nini, nani ataona, majibu yatafutwa lini, na kwamba mtoto akikataa kujibu hataondolewa kikundini. Mtoto naye tunamuuliza, hata kama mzazi ametia sahihi. Wapo waliokataa. Wanacheza bao huku wenzao wakijaza.

Kuna nafasi ya maoni mwishoni mwa kila hojaji, na hapo ndipo nilipopoteza usingizi. Mtoto mmoja aliandika jambo la nyumbani kwao ambalo sitalirudia hapa. Fomu ilikuwa tayari imetumwa, imekaa siku kadhaa bila mtu kuifungua. Kabla hujaweka sanduku la kuandika chochote, amua nani anayasoma maandishi siku hiyo hiyo, na akikuta jambo zito anampigia nani. Sisi sasa tuna namba ya afisa wa watoto wa eneo letu ukutani, na 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, imechapishwa kwenye kadi ya kila mtoto. Usimwahidi mtoto kwamba hakuna atakayejua aliyeandika, halafu umpe fomu yenye namba yake. Mwambie ukweli: sitaonyesha majibu yako kwa watu, ila nikiona uko hatarini nitatafuta msaada.

Maswali yenyewe, basi. Tulianza kwa kuyaweka kwa Kiswahili cha watoto, kisha tukakaa na watoto wachache mmoja mmoja, tukasoma swali na kuuliza: hapa unaulizwa nini? Swali lililoeleweka kwa njia mbili lilitoka. Yaliyojaa ukanushaji, kama "huwa sipendi kutokuja kikundini", yalitoka bila kujadiliwa. Arobaini na kitu yakabaki kumi na mawili. Mfadhili alinung'unika, lakini nilimwomba ayajibu yeye mwenyewe yote ya kwanza akiwa amekaa chini sakafuni saa kumi na moja jioni. Hakuyamaliza.

Mmoja wa washauri alipendekeza tuweke mtandaoni hojaji mashuhuri ya maswali 25 ya Robert Goodman, iliyochapishwa mwaka 1997, ambayo hupima hisia, tabia na mahusiano ya mtoto na wenzake. Ina tafsiri ya Kiswahili na imetumika duniani kote, hivyo inavutia. Soma masharti kwanza. Nakala ya karatasi vikundi visivyo vya faida vinaweza kuitumia bure, lakini huruhusiwi kubadili swali hata moja, na huruhusiwi kuitengenezea nakala ya kielektroniki bila idhini ya wenye nayo. Sehemu ya kujijibia ni ya wenye miaka 11 na zaidi. Mdogo kuliko huyo hujibiwa na mzazi au mwalimu. Zaidi ya hapo, ni chombo cha kubaini watoto wanaoweza kuwa na shida za kihisia. Kikundi kinachofundisha kusoma na kuigiza kitafanya nini na majibu hayo? Tuliacha.

Vipimo vya kukubali na kutokubali, ambavyo Rensis Likert alivianzisha mwaka 1932 kwa ajili ya watu wazima, kwa watoto wetu vilizaa majibu ya heshima. Mtoto wa Pwani amelelewa asimkatalie mkubwa mbele ya uso wake. Ukimwambia "napenda kusoma", atakubali kabisa. Mvulana mmoja wa gredi ya tano aliinua kichwa akaniuliza, "Ticha, nijibu ya kweli ama ya kukufurahisha?" Nilicheka, kisha nikaona kwamba wenzake hawakuuliza, walichagua tu. Tangu hapo mwalimu wa kikundi hasimami nyuma ya watoto wake. Tunabadilishana na kikundi jirani, wao wanakuja kwetu, sisi tunakwenda kwao. Na maswali mengi sasa yanahesabika: wiki iliyopita, siku ngapi ulisoma kitabu kisicho cha shule? Mara ngapi ulimuuliza mwalimu swali darasani? Hata hapo mtoto anaweza kuongeza chumvi, lakini siku ni siku, haziwezi kuzidi saba.

Jambo lililoniumiza lilikuwa hili. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, tukiwa tayari na namba, tuliuliza kama mtoto anaweza kusoma hadithi na kuielewa. Karibu wote walijiweka juu kabisa. Mwishoni wengi walishuka, wale wale, namba kwa namba. Kwa mujibu wa jedwali, kikundi chetu kilikuwa kimewaharibu watoto. Mwalimu mmoja wa kujitolea, binti aliyekuwa akija kila siku bila malipo, aliangalia skrini akanyamaza, na wiki hiyo hakuja. Mimi mwenyewe nilichelewesha ripoti kwa sababu sikujua nitaiandikaje.

Kumbe jambo hili linajulikana. Watafiti wa Marekani waliliandika tangu miaka ya 1970: mtu anapojifunza, kipimo anachojipimia nacho hubadilika. Februari, kusoma kwa mtoto kulikuwa kutoa sauti mbele ya darasa. Kufikia Oktoba alikuwa ameulizwa mara nyingi kwa nini mhusika alidanganya, na ametambua kwamba kuna sentensi alizokuwa akizipita tu. Amejishusha kwa kuwa sasa anajua kuelewa ni kitu gani. Njia mojawapo ni kuuliza yote mawili mwishoni: ulipoanza kuja ilikuwaje, na sasa ikoje? Tunaitumia kwa gredi ya saba na ya nane pekee, na kamwe si peke yake, kwa sababu mtoto mjanja anaona ni jibu gani linalotakiwa. Na kama wote wanaanza kileleni, hakuna pa kupanda. Swali la aina hiyo ni la kutupwa hata kabla ya raundi ya kwanza kuisha.

Kwa kusoma, hojaji tuliisaidia kwa jaribio la ana kwa ana. Mfano tuliuchukua kwa Uwezo, ile tathmini iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 2009: mtoto anasoma kwa sauti, akipanda kutoka silabi, maneno, aya hadi hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na mwalimu anaandika alipofikia. Ni dakika chache kwa mtoto, na haihitaji mtoto ajisifu wala ajishushe. Kwenye jaribio hilo wengi wa wale waliojishusha walikuwa wamepanda ngazi. Nilimpigia yule binti kabla sijampigia mfadhili.

Hata hivyo kupanda peke yake hakuthibitishi kwamba ni sisi. Mtoto akikaa mwaka mzima shuleni atapanda bila kikundi chochote. Tulikuwa na orodha ya watoto wanaosubiri nafasi, basi kwa idhini ya wazazi tukawapima na hao mwanzo na mwisho, tukawalipa kwa kuwaingiza wa kwanza mwaka uliofuata. Walipanda pia. Wetu walipanda zaidi, hasa waliohudhuria mara kwa mara, lakini tofauti haikuwa ya kupigiwa vigelegele. Niliiandika hivyo hivyo. Na niliandika idadi ya watoto badala ya asilimia, maana ukiwa na watoto ishirini, mmoja akihama ni asilimia 5 imehama naye.

Angalia pia kalenda, na kalenda ya hapa si ya mfadhili. Miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza, na mtoto aliyefunga hana hamu na tableti yako alasiri. Masika yakija njia za Kisauni hujaa maji na mahudhurio hushuka. Mwisho wa muhula wa tatu ni mitihani na tathmini za shule, watoto wamechoka kujibu. Sisi sasa hupima wiki za mwanzo za Januari au Februari, kutegemea mwezi utakavyoandama, kisha katikati ya Septemba.

Walioacha tuliwatafuta kwa simu ya kawaida, kabambe inatosha, tukiwauliza walezi maswali matatu mafupi. Wengine walikuwa wamehamia ng'ambo ya kivuko. Wengine saa za madrasa zilibadilika. Mzazi mmoja alisema mtoto alichoka na maswali yetu. Wasichana wa gredi ya saba sababu yao ilikuwa maji: mfereji ukitoka jioni, wao ndio wa kupanga madumu. Hakuna swali hata moja kati ya yale arobaini na kitu lililokaribia hapo. Kipindi chao tumekihamishia Jumamosi baada ya adhuhuri, na hojaji ya mwaka huu inaanza na swali ambalo hatukuletewa na mtu: wiki iliyopita, siku gani ulitaka kuja ukashindwa, na ni nini kilichokuzuia? Mfadhili ameomba alitumie kwenye miradi yake mingine. Tumempa, pamoja na ombi la bando kwenye bajeti.